Mwisho wa hadithi tuliouandika ubaoni

 Leo hatuleti habari ya chakula wala ya akiba ya kikundi. Tunaleta neno la masomo, na ni kosa letu wenyewe. Mama mmoja wa kata yetu ameturuhusu kulisimulia, akisema huenda litamsaidia mama mwingine. Alituomba jambo moja tu, tusitaje majina. Basi hatutayataja.

Sisi tunafundisha Kifaransa katika darasa la saba. Tulipomaliza ISP hapa Kisangani na kupewa diploma yetu, tulijiona tunajua kusoma hadithi mbele ya watoto. Sauti tunayo, uvumilivu tunao, na hata bila vitabu vya kutosha tunaweza kusimulia kwa kichwa. Mwaka huu, muhula wa pili, tuliamua kuwapa watoto hadithi ya Ngando. Kitabu ni kimoja tu darasani, chetu wenyewe, kimeshonwa kwa uzi mgongoni. Kwa hiyo tulisoma vipande kwa Kifaransa na mengine tukayaeleza kwa Kiswahili, muda wa siku tatu.

Wengi wenu mnajua maana ya ngando katika Lingala, ni mamba. Kitabu hicho kiliandikwa na Paul Lomami Tshibamba, aliyezaliwa Brazzaville mwaka wa 1914. Huyu alikuwa mtu asiyeogopa. Mwaka wa 1945 aliandika makala katika gazeti la La Voix du Congolais akiuliza nafasi yetu Wakongomani itakuwa ipi katika dunia ya kesho, na wakubwa wa ukoloni walimtesa kwa sababu ya swali hilo. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1948, Ngando ikachapishwa, ikapata tuzo kule Ubelgiji.

Hadithi yenyewe ni hii, kwa ufupi. Mtoto mmoja wa Léopoldville ya zamani, jina lake Musolinga, anatoroka masomo na kwenda mtoni pamoja na wenzake. Mamba anamchukua. Lakini mamba huyo si mnyama wa kawaida, ametumwa na wachawi. Baba ya mtoto, Munsemvu, hakubali kukaa nyumbani na kulia. Anatafuta msaada wa mganga, anapewa masharti na miko, kisha anaingia katika dunia ile ya mto na ya pepo ili amrudishe mwanawe. Na karibu afaulu. Lakini njiani anavunja mwiko aliopewa, na yote aliyoyapata yanapotea tena.

Tulipofika hapo, darasa lilinyamaza kabisa. Watoto 52, na tulisikia kuku wa jirani wakichakura nje ya dirisha. Mtoto mmoja wa mbele alishika mdomo. Na sisi tulifanya nini? Tulifanya kile ambacho walimu wetu walikifanya tulipokuwa wadogo. Tulichukua chaki na kuuliza: “Haya, hadithi hii inatufundisha nini?”

Watoto wanalijua swali hilo, na wanajua jibu linalotakiwa. Mikono ikainuka. “Tusitoroke masomo, Madamu.” “Tutii wazazi, Madamu.” “Mtoni ni hatari, Madamu.” Tulifurahi. Tukaandika ubaoni kwa herufi kubwa: Mtoto asiyetii anajiletea kifo. Tukawaambia wanakili katika kaye zao na kupiga mstari chini yake kwa biki nyekundu. Kengele ikalia, tukafuta mikono, tukaenda nyumbani tukiwa na amani.

Siku iliyofuata, msichana mmoja wa mstari wa tatu hakuja. Siku ya pili yake pia. Tulidhani ni malaria, maana ulikuwa msimu wake. Siku ya nne mama yake alipita masomoni akielekea sokoni, na beseni la sombe kichwani. Hakulitua. Alisimama vilevile mlangoni, akasema: “Madamu, mtoto wangu anasema harudi tena. Anasema wewe uliandika jina la kaka yake ubaoni.”

Tulimwambia kwamba hatukuandika jina la mtu yeyote. Alitutazama kidogo, halafu akatueleza. Mwaka uliopita, wakati wa mvua za mwezi wa kumi, kaka ya msichana huyo, kijana wa miaka 15, alitoka nyumbani asubuhi na mfuko wa masomo. Hakufika masomoni. Alikwenda mtoni na wenzake kuoga, na maji yalikuwa yamejaa. Wenzake walirudi bila yeye.

Sisi tulikuwa hatujui. Familia ilikuwa imehamia kata yetu baada ya matanga, na msichana alikuwa mgeni darasani. Lakini kutojua si dawa. Kile tulichokiandika ubaoni kwa herufi kubwa, mtoto yule alikisoma kuwa hukumu ya kaka yake, na tulimlazimisha aiandike kwa mkono wake na kuipigia mstari mwekundu.

Jioni ile tulimwendea mwalimu mmoja mzee tunayemheshimu, amestaafu, anakaa chini ya mwembe wake na redio ndogo. Tulimsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mwanangu, hadithi hiyo uliimaliza mara mbili. Mwandishi aliimaliza yeye, halafu wewe ukaongeza mwisho wako juu ya wake.” Tukamwuliza kama maneno yetu yalikuwa ya uongo. Akajibu: “Rudi usome. Angalia mwishoni ni nani anayekosea.”

Tulirudi, tukawasha taa ya betri kwa sababu umeme haukuwepo, tukasoma tena kurasa zile za mwisho. Na kweli. Mtoto alikosa mwanzoni, kosa la kitoto, la kutoroka masomo. Wangapi kati yetu hatujawahi kulifanya? Lakini mwishoni anayevunja mwiko ni baba, mtu mzima, mwenye kumpenda mwanawe kupita kiasi. Hadithi ile haimalizikii kwa mtoto mkaidi aliyeadhibiwa. Inamalizikia kwa baba aliyekwenda mpaka mwisho wa nguvu zake na bado hakuweza. Sentensi yetu ya ubaoni ilikuwa imefunika jambo hilo lote.

Hapo tulianza kufikiri juu ya mwisho wa hadithi na kazi unayoifanya ndani ya mtu. Mwanzo wa hadithi unatuita, na katikati yake inatubeba. Mwisho ndio unaotuacha peke yetu, na kila mtu anaachwa mahali pake. Mwenye kuzika juzi haachwi mahali pamoja na asiyezika. Ndiyo maana watu wazima pia wanatikiswa. Mwaka uleule wa 1948, kule Marekani, mwandishi mwanamke Shirley Jackson alichapisha katika jarida la The New Yorker hadithi fupi iitwayo The Lottery, maana yake bahati nasibu. Inaanza kwa utulivu. Ni asubuhi nzuri, wanakijiji wanakusanyika uwanjani, kila mkuu wa familia anachukua karatasi sandukuni. Mwishoni tu ndipo msomaji anaelewa kwamba mama aliyechukua karatasi yenye alama atapigwa mawe na majirani zake, na kwamba hata mtoto wake mdogo amepewa vijiwe mkononi. Majira yale ya joto mwandishi huyo alipokea barua zaidi ya 300. Wengi walikasirika, wengine walimtukana, wengine walitaka awaeleze maana yake. Watu wazima, wasomi, wenye nyumba zao, walishindwa kulala na mwisho wa kurasa chache! Basi mtoto wa miaka 13 afanye nini, naye hana mtu wa kumwandikia barua?

Siku ya posho, baada ya kazi za nyumbani, tulipanda toleka mpaka Mangobo. Yule mwenye kinga alitukamata bei ya mgeni, nasi hatukuwa na moyo wa kubishana. Tulimkuta mama kwenye baraza anatwanga sombe. Baba hayupo, anafanya kazi kwenye mashua zinazoshuka mto kuelekea Bumba. Msichana alikuwa anachambua majani, alituona, akainamisha kichwa.

Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi ya kuomba msamaha. Tulianza, yakakatika. Mama akasema: “Madamu, kaa kwanza, unywe maji.” Tukakaa, tukanywa. Kisha tukamwambia mtoto hivi tu: “Tulikosea. Sentensi ile ya ubaoni haimo kitabuni. Ni sisi tuliyoitunga. Ukitaka, tutakusomea mwisho ulivyo, na hatutakuuliza swali lolote.” Hakujibu. Mama alitikisa kichwa kutupa ruhusa. Tukafungua kitabu chetu chenye uzi mgongoni, tukasoma polepole, tukitafsiri kila sentensi. Tulipomaliza tulikifunga, tukanyamaza.

Wamama, kunyamaza ni kazi ngumu kwa mwalimu. Ulimi unawasha. Lakini tulijizuia. Mchi wa mama ulipiga mara kumi, ishirini. Ndipo mtoto akasema, akiwa bado anachambua majani: “Baba yake alikwenda mpaka kule chini.”

Tukasema: “Ndiyo, alikwenda.”

“Baba yangu pia alikwenda. Siku tatu, na wavuvi. Hakula.” Akanyamaza tena. “Yeye alirudi naye.”

Mchi ulisimama. Kisha mtoto akatoa kile alichokuwa amekibeba tangu mwezi wa kumi. Asubuhi ile alijua kaka yake anakwenda mtoni. Kaka alimwambia asiseme, akampa mandazi yake, naye akala mandazi na hakusema. Kwa hiyo sentensi yetu ilimpata mara mbili: kaka hakutii, naye alimsaidia kutotii.

Tulitaka kusema kitu, lakini mama alitutangulia. Aliweka mchi chini, akapangusa mikono kwenye kitambaa chake. “Mimi nilimwona,” akasema. “Nilimwona anatoka na nguo ya kuogea ndani ya mfuko. Jua lilikuwa kali, nikasema moyoni, acha aoge, ni mtoto. Sikumwambia hata baba yako.”

Hatutasimulia zaidi. Yaliyofuata yalikuwa yao wawili, na sisi tulitazama mto wa watu wanaopita barabarani. Tulipoaga, mama alitufungia sombe katika jani, kana kwamba ni sisi tuliokuwa tumefanya wema.

Tukiwa njiani tulimkumbuka mama yetu sisi. Tulikuwa na miaka 10 wakati wa vita vya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 ya mwezi wa sita mwaka wa 2000, majeshi mawili ya kigeni, ya Rwanda na ya Uganda, yalipopigana katikati ya mji wetu. Ninyi mliokuwepo mnajua, hatuna haja ya kueleza. Tulilala chini, watoto watano chini ya kitanda kimoja, na mama alitusimulia habari za sungura na chui ili tusisikie mabomu. Hakumaliza hadithi hata moja. Kila alipokaribia mwisho, sungura alipata hatari mpya, au mgeni alibisha mlango, na mama alisema: “Yaliyobaki ni ya kesho.” Nasi tulilala kwa sababu kulikuwa na kesho ya kungoja. Miaka mingi baadaye tulimwuliza hadithi zile ziliishaje. Akacheka: “Nijue wapi? Nilikuwa natunga tu mpaka mlale.” Mama hakwenda ISP, lakini alijua kwamba kuna usiku ambao mtoto hawezi kubeba mwisho.

Wazee wa pwani nao walilijua jambo hili kwa namna yao. Katika hadithi za Unguja zilizokusanywa na Askofu Edward Steere na kuchapishwa mwaka wa 1870, kuna msimulizi anayemaliza kwa kusema kwamba hadithi ikiwa nzuri, uzuri wake ni wa watu wote, na ikiwa mbaya, ubaya wake ni wa yule aliyeitunga peke yake. Zamani tuliona hayo ni adabu tu. Sasa tunaona ni huruma. Msimulizi anawavua wasikilizaji mzigo kabla hawajasimama kwenda nyumbani. Sisi tulifanya kinyume. Tulichukua mzigo tukaufunga kichwani mwa mtoto kwa biki nyekundu.

Siku ya kwanza ya juma lililofuata msichana alirudi. Hatukumtaja wala hatukumtazama sana. Tuliwaambia watoto wote: “Fungueni kaye kwenye ukurasa wa Ngando. Sentensi ile ilikuwa yetu, si ya kitabu, na haikuwa nzuri. Chini yake kila mtu aandike kitu kilichobaki moyoni mwake, au asiandike.” Tulingoja dakika nyingi kuliko tulivyozoea.

Waliyoandika hayakufanana. Mmoja alisikitikia mama ya mtoto, ambaye sisi hatukuwa tumemfikiria hata kidogo. Mwingine aliandika kwamba baba angefungwa mdomo kwa kitambaa kabla ya safari, na darasa likacheka sana. Mwingine, mtoto wa mvuvi, alitusahihisha jinsi tulivyoeleza mamba anavyokamata. Kijana mmoja alikataa mwisho kabisa, akaandika mwingine wa kurasa mbili ambamo wote wanarudi na kula samaki. Tulimpa alama nzuri, ila tulimwambia kwamba ule wa kitabu unabaki kama ulivyo. Msichana wetu hakuandika neno. Lakini tulipokusanya kaye tuliona kwamba juu ya sentensi yenye mstari mwekundu alikuwa amebandika kipande cha karatasi nyeupe kwa gundi ya unga wa muhogo, amekinyoosha vizuri, pembe zote nne. Tuliirudisha kaye bila kugusa kitu.

Wamama, hatusemi kwamba tuache kuwafundisha watoto utii. Mto wetu haufanyi mzaha, na mtoto anayekwenda kuoga wakati maji yamejaa lazima akatazwe, kwa ukali kama inahitajika. Lakini onyo la mto litolewe kama onyo la mto, asubuhi, macho kwa macho, kabla mtoto hajatoka. Lisifichwe ndani ya hadithi na kumngojea mtoto pale mwishoni.

Na tunaposimulia jioni, baada ya chakula, tujaribu mambo madogo haya. Hadithi ikiishia vibaya, tusikimbilie kuipaka sukari, maana watoto wanajua tunapowadanganya. Tukae kimya kidogo. Mtoto akisema neno, tulirudie neno lake, tusiweke letu. Swali la “inatufundisha nini” lingoje hadi kesho, jioni ile tuulize tu “umebaki na nini?” Akijibu “hakuna,” tukubali. Na ikiwa nyumba ina msiba mpya, au mtoto amechoka na kuogopa, tufanye kama mama yetu chini ya kitanda kile: yaliyobaki ni ya kesho.

Mama wa Mangobo anatuma salamu. Baba amerudi kutoka Bumba, na binti amemsomea mwisho wa Ngando yeye mwenyewe, kwa kitabu tulichomwazima. Tulimwuliza mama baba alisema nini. Alijibu kwamba hakusema kitu. Alimwomba asome tena.

Siku ya posho ijayo, katika mkutano wetu, kila mmoja aje na hadithi moja aliyosimuliwa na mama yake, hata kama mwisho wake ameusahau. Kitabu chenye uzi mgongoni kikirudi kutoka Mangobo, nacho kitakuwa mezani.